Mengineyo

Karatasi yenyewe ni kipande cha mfuko wa saruji,
imekunjwa mara tatu, ina dole gumba la grisi
pale ambapo ofisi zingepiga muhuri.
Fundi Baya ameandika kwa kalamu ya kuazima:

Bushi za mbele, nne: 3,200
Shokomzoba, mbili: 9,000
Bolijointi ya kushoto: 1,800
Ufundi: 4,500
Mengineyo: 1,500

Jumla, elfu ishirini kamili.
Ukamilifu huo ndio ulionitia shaka.
Hesabu ya kweli huwa na mkia.

Na jina lake Baya. Kwao Ganze ni jina tu, la babu.
Kwa sikio langu la Shela lilikuwa onyo.

Shemeji Shebwana hakuisoma hata karatasi.
"Umeliwa," alisema. "Mwanamke akiingia gereji,
bei hupanda kabla gari halijapandishwa jeki."
Akanipeleka Mtangani kwa Fumo, rafiki yake wa shule.
Fumo hakuinama. Aligonga boneti
kama mtu achaguaye tikiti maji.
"Elfu kumi na moja. Jioni njoo uchukue."
Kumi na moja ya nini? "Ya gari, mama."

Usiku ule nilikuwa na gauni la arusi mezani.
Mchana mama wa bibi arusi alisimama mlangoni,
akahesabu kwa vidole mbele ya wateja wangu:
"Kitambaa changu. Uzi shilingi hamsini.
Hiyo elfu tatu ni ya nini?"
Nikameza jibu pamoja na pini.
Ningemwambiaje kwamba ni ya mkasi
unaposita hewani kabla ya kukata?

Asubuhi nikarudi kwa Baya.
"Nieleze," nikamwambia, "mstari kwa mstari,
kama unayemweleza mtu atakayekulipa."
Hakununa. Alipanda kando yangu,
tukashika kokoto za kuelekea Muyeye, gia ya pili,
yeye amefumba macho,
kama mtu asomewaye barua ya mwanawe.
"Hapo," alisema. Nami nikasikia: ko, ko,
mlango unaobishwa na mgeni mwenye haya.

Kisha akatandika gunia, akanikaribisha chini ya gari.
Nililala ubavu na buibui langu, watu wakitazama.
Bushi zilikuwa zimechanika kama soli za kandambili.
Shokomzoba ya kushoto inavuja. Ya kulia, kavu.
Nikaipitisha kidole, nikamwonyesha kidole.

"Hizi hubadilishwa mbili mbili," akasema, "kama viatu."
"Lakini hii haivuji."
Alinyamaza. Kijana wake Tsuma, mshika tochi,
akaitazama tochi.
"Hiyo itakufikisha Ramadhani," Baya akasema.
Nikahesabu: miezi mitano.
"Basi inifikishe."
Akakata 9,000 kwa mstari mmoja, akaandika 4,500,
na mkono wake haukuwa wa mwizi aliyeshikwa
wala wa mkweli aliyeonewa.
Ulikuwa mkono tu, umechoka, una kovu la betri.

Hadi leo sijui kama niliokoa fedha
au niliikopa hasara.

"Na mengineyo?"
Akacheka kwa mara ya kwanza.
Grisi, alisema. Matambara. Sabuni.
Chai ya Tsuma, maana tochi haijishiki.
Nikalikumbuka daftari langu la dukani,
sindano zivunjikazo, makaa ya pasi,
mtoto wa jirani anayeshona vifungo baada ya shule,
na neno lile lile chini ya ukurasa, kwa mwandiko wangu.
Elfu moja mia tano nikaiacha isimame.

Ufundi sikuugusa.

Sasa kushoto kumetulia.
Kulia, nikipita matuta ya karibu na hospitali,
gauni la watu likining'inia kiti cha nyuma,
kuna kitu kinahema.
Nazima redio.
Miezi minne na siku tisa.